Pierre Budin, Daktari wa Watoto Waliozaliwa Kabla ya Siku Zao

Vita baina ya Ufaransa na Prussia, vilivyoanza mwaka 1870, vilimalizika mwaka uliofuata kwa Ufaransa kushindwa vibaya. Mfalme wake alitekwa, mji wa Paris ulizingirwa, na jimbo la Alsace pamoja na sehemu ya Lorraine yakatwaliwa na Wajerumani. Wasomaji wetu walio katika jeshi na polisi wanafahamu kwamba baada ya kushindwa kwa namna hiyo kila mtu hutafuta sababu. Wako waliowalaumu majemadari, na wako waliolaumu mizinga. Lakini wako pia walioketi wakahesabu watu, wakaona kwamba Wajerumani walikuwa wakiongezeka upesi ilhali Wafaransa walikuwa karibu wamesimama pale pale. Watoto waliozaliwa Ufaransa walikuwa wachache, na katika hao wachache wengi walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Ndipo mwaka 1874 likapitishwa agizo la sheria, lililojulikana kwa jina la Daktari Roussel, la kuwalinda watoto wachanga waliopelekwa kulelewa na wanyonyeshaji wa kulipwa.

Katika wakati huo wa huzuni na hesabu, kijana mmoja alikuwa akisomea uganga mjini Paris. Jina lake Pierre Budin. Alizaliwa mwezi wa Novemba mwaka 1846 katika kijiji cha Énencourt-le-Sec, wilaya ya Oise, kaskazini ya Paris. Hakuwa mtu wa makelele. Tabia yake moja iliyomtambulisha tangu mwanzo ni kwamba hakupenda kusadiki jambo kwa sababu tu limezoeleka. Mathalani, mwaka 1875 alijiuliza ni wakati gani ufaao kufunga na kukata kitovu cha mtoto. Wakunga na waganga wa siku zile walikikata mara tu mtoto atokapo. Budin akachukua vyombo vya kupimia, akapima damu iliyobaki katika kondo la nyuma, akaonyesha kwamba mtoto anayekatwa haraka hunyimwa sehemu kubwa ya damu iliyo haki yake. Yeye akashauri kungojea. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya jambo hilo kukubaliwa kila mahali. Leo Shirika la Afya Duniani linaagiza kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja kupita, na wanaofaidika sana ni watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao watu wengine huwaita njiti.

Mwalimu wa Budin alikuwa Stéphane Tarnier, daktari mkuu wa nyumba ya uzazi ya Paris iitwayo Maternité. Hatuwezi kusimulia habari za mwanafunzi bila kumtaja mwalimu. Tarnier alipokuwa kijana aligundua kwamba wanawake waliozaa katika hospitali ile walikufa kwa homa ya uzazi mara nyingi zaidi kuliko wale waliozaa majumbani mwao katika mitaa ya jirani. Hospitali yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwaua, kwa kuwarundika pamoja wazima na wagonjwa na kuhudumiwa kwa mikono ile ile. Alipopata madaraka alijenga vyumba vya kutenganisha wazazi, na vifo vikapungua.

Mwaka 1878 Tarnier alitembelea bustani ya wanyama ya Paris, akaona sanduku la kutotolea vifaranga kwa joto. Akamwomba fundi Odile Martin amtengenezee sanduku la namna hiyo la kuwekea watoto wachanga. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kuta mbili, katikati mmejazwa unga wa mbao. Chini palikuwa na maji ya moto, na juu watoto walilazwa. Baada ya miaka michache ya kulitumia, hesabu ilitolewa. Kabla ya sanduku hilo, katika kila watoto 100 waliozaliwa na uzito wa chini ya gramu 2,000 katika Maternité, 66 walikufa. Baada ya sanduku, walikufa 38. Habari hizo zilienea Ulaya nzima, na watu wakaanza kusema kwamba mashine ya kuokoa watoto imepatikana.

Hapa ndipo sisi tunapoona kwamba maisha ya Budin yanastahili kusomwa kwa makini, maana yeye alikuwa miongoni mwa wachache waliotambua kwamba sanduku lile halikuwa limefanya kazi hiyo peke yake. Masanduku ya mwanzo hayakuwa na kifaa cha kujirekebishia joto. Katika aina iliyofuata, iliyokuwa ndogo na rahisi, joto lilitoka katika chupa za maji ya moto ambazo hapana budi zibadilishwe moja baada ya moja, mchana na usiku. Mtoto asiyeweza kunyonya alilishwa maziwa kidogo kidogo kwa kijiko, au kwa mpira mwembamba uliopitishwa kooni, na baada ya muda mfupi kazi hiyo ilirudiwa. Askari aliyewahi kushika lindo la saa tisa za usiku anajua maana ya kazi kama hiyo. Ikiwa mshika zamu amesinzia, au ikiwa mmoja amepewa watoto kumi wa kuangalia, chupa hupoa, na mtoto wa gramu 1,500 hupoa pamoja nayo bila kulia, kwa kuwa hana nguvu za kulia.

Mwaka 1893, kwa juhudi za mkunga mkuu wa Maternité, Bibi Henry, lilifunguliwa jengo maalumu la watoto dhaifu. Lilikuwa jambo jema, kwani jengo hilo liliwapokea hata watoto waliozaliwa nje ya hospitali, katika nyumba za maskini wa Paris. Lakini matokeo yake yaliwashangaza wengi. Watoto wale waliletwa wakipitishwa katika baridi ya barabarani, na wengi walipofika miili yao ilikuwa imekwisha kupoa mno. Waliopokelewa katika hali hiyo karibu wote walikufa, ijapokuwa waliwekwa katika masanduku yale yale yaliyowaokoa wenzao waliozaliwa humo ndani. Tena watoto wengi dhaifu walipokusanywa chini ya paa moja, maradhi ya kuhara na ya kifua yalipita kutoka kitanda hadi kitanda.

Budin alikabidhiwa Maternité mwaka 1895. Hakuanza kwa kuagiza mashine mpya. Alianza kwa kupanga nyumba. Mtoto mwenye dalili ya maradhi alitengwa na wazima, naye aliyehudumia wagonjwa hakuruhusiwa kuwashika wazima. Wanawake walioajiriwa kunyonyesha walipewa makao yao, mbali na chumba cha watoto, ili wasilete maradhi wala wasiyachukue. Akatazama pia maziwa. Kwa desturi ya zamani, mwanamke aliyeajiriwa kunyonyesha aliachishwa mtoto wake mwenyewe. Budin aliona kwamba huo ulikuwa ukatili, na zaidi ya ukatili ulikuwa upumbavu, kwa sababu mtoto dhaifu hana nguvu ya kuvuta, na titi lisilovutwa hukauka. Akaruhusu kila mnyonyeshaji abaki na mtoto wake mwenye afya. Huyu akavuta kwa nguvu, maziwa yakaendelea kuja, na wale wadogo wakapata fungu lao. Kila mtoto alipimwa uzito na joto, na hesabu ikaandikwa. Vifo vikaanza kushuka.

Kwa miaka yote hiyo Budin alifundisha kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anakabiliwa na hatari tatu: baridi, njaa na maradhi. Sanduku la joto hupigana na ile ya kwanza tu. Zile mbili nyingine hupigwa na watu, yaani idadi yao, mafunzo yao, na jinsi walivyogawanywa kazi.

Mwaka 1898, baada ya kifo cha Tarnier, Budin alishika nafasi yake ya uprofesa katika kliniki iliyopewa jina la mwalimu wake huyo. Huko alikwenda mbele hatua moja zaidi, na kwetu sisi hatua hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Alikuwa ameona katika jengo la watoto dhaifu kwamba mama aliyetenganishwa na mtoto wake kwa majuma mengi alianza kumsahau. Wako waliopona wakawa tayari kurudishwa, lakini mama hakuja kumchukua. Budin hakuwatukana wanawake hao, kama walivyofanya wengine. Aliona kwamba kosa lilikuwa la mpango wa hospitali. Akashauri sanduku la joto liwekwe kando ya kitanda cha mama, lenye kioo cha kumwezesha kumwona mwanawe saa zote. Na akaandika kwamba uangalizi wa mama ni msaada usiofaa kudharauliwa. Mambo hayo aliyakusanya katika kitabu chake juu ya mtoto anyonyaye, kilichotoka mwaka 1900.

Tena hakukoma mlangoni mwa hospitali. Tangu mwaka 1892, alipokuwa katika hospitali ya Charité, alikuwa ameanzisha siku ya kila juma ambapo akina mama walirudi na watoto wao ili wapimwe uzito na kupewa mashauri, na wasioweza kunyonyesha walipewa maziwa yaliyochemshwa. Alifanya hivyo kwa sababu alichoka kusikia kwamba mtoto aliyeokolewa kwa taabu wodini amekufa nyumbani miezi miwili baadaye. Kliniki ya watoto ambako wake zetu hupeleka wachanga kupimwa katika mizani ni ndugu wa karibu wa siku ile ya Charité.

Wakati huohuo mashine ilikuwa imeanza safari yake bila Budin. Alexandre Lion, fundi wa mji wa Nice, alitengeneza sanduku la chuma na kioo lililojirekebishia joto, akafungua nyumba za kuwaonyesha watoto kwa watu waliolipa kiingilio. Mwaka 1896 watoto hao walionyeshwa katika maonyesho ya Berlin, kisha desturi hiyo ikavuka bahari hadi Marekani. Huko Martin Couney aliendesha banda lake la Coney Island, New York, hadi mwaka 1943. Ni kweli kwamba Couney aliajiri wauguzi hodari, na watoto wengi walipona mikononi mwake. Lakini katika maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904, ambako kazi ilishikwa na watu wengine, kuhara kuliingia na watoto wakafa kwa wingi. Alipoletwa Daktari John Zahorsky kuokoa hali, masanduku yalikuwa tayari ya kisasa. Yeye alishughulikia usafi, maziwa, na kioo cha kuwatenga watazamaji na watoto, na hali ikabadilika. Hospitali nyingi za Marekani zilizonunua masanduku bila kuajiri wauguzi ziliyatupa stoo, zikasema hayafai.

Budin aliaga dunia mjini Marseille mwezi wa Januari mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 60. Paris imempa jina la mtaa.

Baada yake fundisho lake lilikatika vipande viwili. Kipande cha kwanza, cha wauguzi, kilishikwa barabara. Mjini Chicago mwaka 1922 Daktari Julius Hess alifungua kituo cha watoto hao, na muuguzi Evelyn Lundeen akakiendesha kwa nidhamu ambayo sajenti yeyote angeiheshimu. Siku hizi chama cha madaktari wa fani hii nchini Uingereza kinataka muuguzi mmoja kwa kila mtoto aliye mahututi, na mmoja kwa watoto wawili walio katika hali ya chini ya hapo. Kipande cha pili, cha mama, kilitupwa. Kwa kuogopa maradhi, hospitali nyingi za karne ya 20 zilimfungia mama nje ya mlango, akamwona mtoto wake kwa mbali kama mtu anayetembelea gereza.

Aliyefungua mlango huo alikuwa Daktari Edgar Rey wa mji wa Bogotá, Colombia. Mwaka 1978 masanduku yake yalikuwa machache, na watoto walilazwa wawili au watatu katika moja wakiambukizana. Akawapa mama zao wawafunge kifuani, ngozi kwa ngozi. Hata hivyo kwa miaka mingi waganga waliamini kwamba jambo hilo lifanywe baada ya mtoto kutulia, na kwamba siku za mwanzo ni za mashine. Swali hilo lilijibiwa mwaka 2021, yalipotangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto wa uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili. Kwa kundi moja, vitanda vya akina mama viliingizwa ndani ya wodi ya mahututi yenyewe, na watoto wakabebwa kifuani tangu saa za mwanzo. Katika kundi hilo walikufa 12 katika kila 100 kabla ya kutimiza siku 28. Katika kundi la desturi ya zamani walikufa karibu 16. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba uchunguzi ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwani haikuwa halali kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili maagizo yake, na wodi za namna hiyo zikaanza kupangwa upya, kitanda cha mama kikiwekwa pale Budin alipokuwa ameshauri.