Karani wa ramani aliyewahesabu wahamaji

Siku hizi neno uhamaji halikosekani katika vinywa vya wakubwa. Lina makongamano yake, lina mikataba yake, na lina wataalamu wake wenye vyeti vya kujaza ukuta. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, lililoasisiwa mwaka wa 1951, liliingizwa katika mfumo wa Umoja wa Mataifa mwaka wa 2016, na miaka miwili baadaye serikali nyingi za dunia zilikutana Marrakesh, nchini Moroko, zikaidhinisha mapatano ya pamoja kuhusu uhamiaji. Ukimuuliza mwanafunzi wa taaluma hiyo ni nani aliyeiwekea misingi, aghalabu atalitaja jina la Ravenstein, kisha atazikariri sheria zake moja baada ya nyingine, mithili ya mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha. Lakini ni wachache mno, hata miongoni mwa walimu, wanaojua kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyeichora nchi yetu karatasini kabla haijapata kuitwa Kenya. Jambo hili limenikera kwa muda, na leo naomba kulitua.

Ernst Georg Ravenstein alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 30 Desemba 1834, katika ukoo wa wachoraji ramani. Alipokuwa na umri wa miaka 17 hivi alihamia London, akawa mwanafunzi wa August Petermann, Mjerumani mwenzake aliyekuwa bingwa wa ramani zama hizo. Mwaka wa 1855 akaajiriwa katika idara ya ramani na takwimu ya Wizara ya Vita ya Uingereza, na humo akadumu hadi miaka ya 1870. Hakuwa jenerali wala mshauri wa waziri. Alikuwa mtu wa dawati, mtu wa rula na wino, mgeni mwenye lafudhi ya kigeni katika ofisi ya siri za watu wengine. Jioni alikuwa na kazi nyingine: kwa miaka 10 tangu 1861 aliongoza chama cha mazoezi ya viungo cha Wajerumani wa London, na ni miongoni mwa watu walioandaa michezo ya kitaifa ya Olimpiki ya Uingereza mwaka wa 1866, miaka 30 kabla ya ile ya Athens. Mhamiaji yeyote aliyewahi kukaa ugenini anakijua chama cha aina hiyo. Ndicho kinachomtafutia mgeni kazi na chumba, na ndicho kinachomzika.

Mimi nilimfahamu kwa mlango wa lugha, si wa uhamaji. Mwaka wa 1879 Ravenstein alichapisha makala marefu juu ya lugha za Kikelti katika visiwa vya Uingereza. Sensa ya Ayalandi ilikuwa imeanza kuwauliza watu lugha zao tangu 1851, ilhali ile ya Uskoti na ile ya Wales hazikuwa zimejishughulisha na swali hilo. Basi yeye, bila kutumwa na serikali, akaandika barua kwa makasisi, walimu na makarani wa vijijini, akiwasihi wamweleze ni watu wangapi katika sehemu zao waliozungumza Kigaeli au Kiwelshi, na ni wapi lugha hizo zilikuwa zikirudi nyuma. Sensa ya Uskoti iliuliza swali la lugha kwa mara ya kwanza mwaka wa 1881. Ile ya Wales ilingoja hadi 1891. Karani huyu aliitangulia dola. Sisi wanaisimu tunaopenda kulalamika kwamba hatuna takwimu za lugha zetu ndogo ndogo tungemwiga walau kwa barua.

Kutoka katika lugha hadi katika uhamaji hakukuwa na masafa marefu. Anayetaka kujua kwa nini lugha inakufa kijijini hana budi kujua vijana wa kijiji hicho wamekwenda wapi. Tarehe 17 Machi 1885 Ravenstein alisimama mbele ya Chama cha Takwimu cha London akasoma makala yaliyompa jina. Alikuwa amechokozwa na kauli ya William Farr, mwanatakwimu mashuhuri aliyedai kwamba uhamaji wa watu haukuonekana kufuata sheria yoyote. Silaha ya Ravenstein ilikuwa swali moja tu la sensa: ulizaliwa wapi? Alichukua majedwali ya sensa ya 1881, akalinganisha mahali watu walipozaliwa na mahali walipohesabiwa, jimbo kwa jimbo, hadi mikondo ikaanza kujitokeza kama mito kwenye ramani.

Aliyoyaona yanastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu yanapingana na mengi tunayoambiwa hadi leo. Kwanza, wahamaji walio wengi huenda karibu. Wanaokwenda mbali ni wachache, na hao huelekea kwenye vituo vikubwa vya biashara na viwanda. Pili, uhamaji huenda kwa hatua: mji unaokua huwavuta wanavijiji wa jirani, wale wanaacha pengo, pengo linajazwa na watu wa mbali kidogo, nao wanaacha lao, mpaka mvuto wa mji unafika pembe ya nchi ambako hakuna aliyewahi kuuona mji wenyewe. Tatu, kila mkondo una mkondo wake wa kurudi. Tena aliona kwamba watu wa mjini huhama kwa uchache kuliko wa mashambani, na kwamba ndani ya nchi yao wanawake huhama zaidi kuliko wanaume, ingawa wanaume ndio wengi katika safari za ng'ambo. Na hao wanawake, alisisitiza, hawakuwa wakienda kuwa vijakazi wa majumbani tu. Wengi walikuwa wakivifuata viwanda.

Ukiyatafakari hayo utaona jinsi yanavyotuhusu. Serikali ya Somalia ilipoporomoka mwaka wa 1991, umati wa watu ulivuka mpaka uliokuwa karibu zaidi, na ndiyo asili ya kambi za Dadaab. Waafrika wanaohama nchi zao, wengi wao wamo humu humu barani, lakini zungumzo la wakubwa huanza na kuishia kwenye mashua za bahari ya Mediterania. Kuhusu wanawake, hata hivyo, nadhani mzee huyu angelazimika kuifuta sheria yake na kuiandika upya, maana mabinti wa Kenya waendao Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani wamevuka bahari ambayo yeye aliwaachia wanaume.

Zamani hizo neno sheria lilikuwa na mvuto wa pekee. Miaka saba kabla ya makala hayo, wanaisimu vijana wa Leipzig walikuwa wametangaza kwamba mabadiliko ya sauti hufuata sheria zisizo na kighairi. Kila taaluma ilitaka kufanana na fizikia. Ravenstein hakulewa hivyo. Aliporudi mbele ya chama hicho mwaka wa 1889, safari hii na takwimu za nchi zaidi ya 20, alikiri wazi kwamba sheria za watu si ngumu kama za maumbile, kwa kuwa mkono wa binadamu huziingilia kila mara. Hata hivyo mmoja wa waliomsikiliza alimjibu kwamba alichokiona yeye katika uhamaji ni ukosefu wa sheria. Nafikiri wote wawili walikuwa na haki yao.

Sasa nije kwenye lile linalonikera. Mkutano wa Berlin, ambako mataifa ya Ulaya yalipanga masharti ya kulinyakua bara hili, ulimalizika tarehe 26 Februari 1885. Wiki tatu hazijatimia, Ravenstein akasoma sheria zake London. Mtu angefikiri hayo ni mambo mawili yasiyojuana, lakini maisha yake yanayaunganisha. Mwaka wa 1860, akiwa kijana wa miaka 25, ndiye aliyekiandikia kiambatisho kitabu cha safari za mmishonari Krapf kilichotoka London, akieleza habari za milima yenye theluji ya Afrika Mashariki, chimbuko la mto Nile na lugha za sehemu hizi. Ikumbukwe kuwa Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka wa 1848 na Krapf akauona mlima Kenya mwaka wa 1849, na wakachekwa na mabingwa wa kukaa vitini waliosema theluji haiwezi kukaa kwenye ikweta. Kati ya 1881 na 1883 Chama cha Kifalme cha Jiografia kikachapisha ramani yake kubwa ya Afrika Mashariki ya ikweta, karatasi 25, kwa kipimo cha moja kwa milioni moja. Na mwaka wa 1889, mwaka ule ule wa makala yake ya pili juu ya wahamaji, akachora ramani nyingine kwa idhini ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ile iliyokuwa imepewa hati ya utawala mwaka mmoja tu kabla yake.

Yote hayo aliyachora mezani Uingereza, kwa kuyaunganisha maelezo ya wasafiri. Na wasafiri wenyewe walimuuliza nani? Miongoni mwa habari zilizotegemewa na wachoraji wa zama hizo ni zile za njia za misafara alizozikusanya mmishonari Thomas Wakefield, zikachapishwa London mwaka wa 1870. Nyingi kati ya hizo alizipata kutoka kwa mtu mmoja, Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa pande za Gazi katika nchi ya Wadigo, aliyezijua njia za kutoka pwani hadi bara kituo kwa kituo. Kwa maneno mengine, kabla hatujawa na mtaalamu wa uhamaji London tulikuwa na mtaalamu wa safari Gazi. Mmoja alitunukiwa nishani ya Victoria ya Chama cha Jiografia mwaka wa 1902, akiwa wa kwanza kabisa kuipata. Mwingine amebaki katika kichwa cha makala ya mtu mwingine.

Yupo atakayesema kwamba mchoraji hana hatia kwa matumizi ya ramani yake. Hoja hiyo ina nguvu kiasi. Lakini mwaka wa 1890 Ravenstein alifanya hesabu ambayo haiwezi kusingiziwa mtu mwingine. Mbele ya wanasayansi waliokutana Leeds alisoma makala juu ya ardhi za dunia zilizokuwa bado zinapatikana kwa makazi ya Wazungu. Aliigawa dunia katika sehemu tatu: ardhi yenye rutuba, maili za mraba zaidi ya milioni 28, ambazo kila moja ingelisha watu 207; nyika, karibu milioni 14, watu 10 kwa maili; na majangwa, zaidi ya milioni 4, mtu mmoja. Akapata kwamba dunia ingeweza kubeba watu milioni 5,994, na kwa kasi ya ongezeko la asilimia 8 kila miaka 10, ingejaa mwaka wa 2072. Dunia ilizifikia bilioni sita mwaka wa 1999, miaka 73 kabla ya miadi yake, na haikuzama. Nisemalo si kwamba alikosea hesabu, kwani nani asiyekosea utabiri. Nisemalo ni kwamba mtu aliyemfuatilia kila mwanakijiji wa Uingereza kwa mahali pake pa kuzaliwa aliweza kuziita nchi za watu kuwa zinapatikana.

Na hapa ndipo nadharia yake inaponisumbua zaidi. Katika makala ya 1889 aliorodhesha visababishi vya uhamaji: sheria kandamizi, kodi nzito, hali mbaya ya hewa, jamii isiyokalika, hata nguvu ya mabavu kama biashara ya utumwa. Hakuvisahau. Ila alihukumu kwamba vyote hivyo havifui dafu mbele ya tamaa ya kawaida ya mtu kutaka kuyaboresha maisha yake. Kwa Uingereza ya 1881 yawezekana ni kweli. Lakini Kenya, tangu kodi ya nyumba ya 1901, sheria ya ardhi ya 1902, na kipande kilichotungiwa sheria mwaka wa 1915 na kuanza kuvaliwa shingoni baada ya Vita Vikuu, mtu alihama kwa sababu alitozwa fedha asizokuwa nazo, akaajiriwa kwenye shamba lililokuwa la babu yake, na akazuiwa kuingia mjini na mkewe. Mkondo huo hukuchimbwa na tamaa. Wanafunzi wetu wanaokariri sheria za Ravenstein bila historia hii wataandika ripoti zenye kuonyesha kwamba kila anayehama anakimbilia mshahara, na kwa kuwa wafadhili wa ripoti hizo mara nyingi ni zile serikali zinazofunga milango yao, ripoti zitapokewa kwa furaha.

Nikubali jambo moja linalompa Ravenstein heshima mbele ya wataalamu wengi wa leo: swali lake la 1885 hakuliuza kwa mtu. Hakuna wizara iliyomwagiza jibu. Alikuwa ameshaacha kazi serikalini, akayafanya kwa muda wake, na uzeeni akaendelea vivyo hivyo. Mwaka wa 1898 alitoa tafsiri ya kumbukumbu za safari ya kwanza ya Vasco da Gama, zenye habari za Mombasa na Malindi za Aprili 1498, na mwaka wa 1908 kitabu kikubwa juu ya Martin Behaim, Mjerumani mwingine aliyehamia ugenini, huko Ureno.

Alifariki tarehe 13 Machi 1913 huko Hofheim, mwendo mfupi kutoka Frankfurt alikozaliwa, baada ya kuishi Uingereza miaka ipatayo 60. Mwaka uliofuata Wajerumani wa London walianza kukamatwa na kutiwa kambini.

Ningependa idara zetu zinazofundisha uhamaji zimpeleke mwanafunzi mmoja Gazi na karatasi za ile ramani ya 1881, akae na wazee, alinganishe majina ya vituo na yale yaliyotajwa na Sadi bin Ahedi, aone ni yapi yaliyoandikwa sawasawa na ni yapi yaliyopotoshwa njiani kuelekea London. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Nauli ya matatu kutoka Likoni inatosha.