Faraday: Mjalidi vitabu aliyetupa stima huku hesabu zikimpiga chenga

UKIPITA Mukuru kwa Reuben asubuhi utasikia Ruben FM kwa kinyozi, na hatua chache mbele fundi wa kuchomelea vyuma anawasha mashine yake. Redio na stima, vyote viwili vina deni kwa mtu ambaye hesabu za juu hakuziweza kabisa: Michael Faraday.

Alizaliwa Septemba 22, 1791, London, Uingereza. Babake alikuwa mhunzi mwenye afya mbovu na nyumbani chakula kilikuwa cha kupimiwa. Shule aliionja tu: kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Akiwa na miaka 13 akawa kijana wa kutumwa katika duka la vitabu. Mwaka 1805 akaanza kufunzwa kujalidi vitabu, kazi ya miaka saba. Alivijalidi huku akivisoma.

Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tiketi za kumsikiliza mwanakemia Humphry Davy. Faraday akaandika kila kitu, akajalidi maandishi yale na kumtumia Davy mwenyewe. Machi 1813 akaajiriwa msaidizi wa maabara katika Royal Institution.

Mwaka 1821 aliufanya waya wenye stima uzunguke sumaku. Hiyo ndiyo mota ya kwanza. Mwaka 1831 akagundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliosokotwa, stima inazaliwa. Jenereta za Olkaria na Masinga zinatumia kanuni hiyohiyo.

Lakini kulikuwa na shida. Tangu enzi za Newton, fizikia iliandikwa kwa hesabu, na Faraday hakuwa na lugha hiyo. Yeye alimwaga vumbi la chuma kwenye karatasi iliyo juu ya sumaku, akaona mistari ikijipanga, akasema nguvu imejaa katika nafasi yote inayoizunguka sumaku. Wasomi wengi hawakushawishika. Mlinganyo uko wapi?

Aliyemwelewa ni kijana wa Scotland, James Clerk Maxwell, mdogo wake kwa karibu miaka 40. Maxwell aliichukua ile mistari na kuigeuza kuwa hesabu. Mzee akafurahi, ila mwaka 1857 alimwandikia kuuliza kama wanahisabati hawawezi kueleza matokeo yao kwa lugha ya kawaida pia.

Halafu mambo yakageuka. Milinganyo ambayo Maxwell alichapisha 1865 ilionyesha kuna mawimbi ya umeme na sumaku yanayokwenda kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Hakuna aliyekuwa ameyatengeneza maabara. Hesabu, iliyokuja kuandika kile Faraday alichokiona, sasa ilikuwa imetangulia na kuwaonyesha wanafizikia pa kutafuta.

Faraday alifariki Agosti 25, 1867, kabla ya jibu kupatikana. Miaka 20 baadaye, Heinrich Hertz wa Ujerumani akayanasa mawimbi hayo. Ndiyo yanayobeba redio ya kinyozi wetu.

Kwa hivyo kama unataka kuiacha fizikia kwa sababu hesabu inakutesa, tulia kwanza. Bila macho ya Faraday, Maxwell hangekuwa na cha kupiga hesabu. Bila Maxwell, ile mistari ingebaki michoro. Na si ati Faraday alikosa akili. Alikosa wa kumfunza. Wewe mwalimu unaye. Kesho mfuate na ile hesabu iliyokushinda.