Audrey Hepburn: mtoto wa njaa ya Uholanzi aliyepita Stanleyville

Mwanzoni mwa mwaka 1958 alifika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, mwanamke mmoja mwembamba wa miaka 28. Wakati ule alikuwa kati ya waigizaji waliojulikana zaidi duniani. Jina lake Audrey Hepburn. Tusimchanganye na Katharine Hepburn, yule Mmarekani aliyekuja mwaka 1951 kucheza The African Queen upande wa Ponthierville, tunayoita sasa Ubundu. Hao wawili hawakuwa na undugu wowote.

Audrey alizaliwa tarehe 4 Mei 1929 huko Ixelles, ndani ya Brussels, muji mkuu wa wale waliotutawala. Mama yake alikuwa Mholanzi wa ukoo wa watu wakubwa, na baba alikuwa raia wa Uingereza. Wazazi hao wote wawili walivutwa na siasa ya kifashisti katika miaka ile, na jambo hilo halipendwi kusemwa sana. Mwaka 1935 baba akafunga mizigo, akaondoka. Mtoto alikuwa na miaka 6 tu. Alimwona tena akiwa mtu mzima, huko Dublin, na alikuta mzee asiye na neno la upole la kumwambia. Hata hivyo aliendelea kumtumia pesa mpaka alipokufa.

Vita ilipoanza mwaka 1939, mama alimpeleka Arnhem, Uholanzi, akiwaza kwamba Wajerumani hawataingia kule. Waliingia mwezi wa Mei 1940. Juu ya jina lake la Kiingereza kuwa hatari, mtoto akaitwa Edda. Mwaka 1942 Wajerumani walimpiga risasi mume wa shangazi yake pamoja na watu wengine waliokamatwa bure, kulipiza kisasi. Yeye alikuwa anasoma dansi ya baleti, na kuna siku alicheza kwa siri ndani ya nyumba zenye madirisha yaliyofunikwa, ili ipatikane pesa ya wale waliopinga Wajerumani.

Halafu ikaja baridi ya 1944 mpaka 1945. Wajerumani walizuia chakula kisiingie, na karibu watu 20 000 walikufa njaa katika inchi ile. Familia nyingi, ya Audrey nayo, zilikula hata mizizi ya maua ya tulipu. Sisi wa huku tunajua nini maana ya kukimbia muji na kula kile kinachopatikana, basi hatuna haja ya kuelezewa sana. Alivimba miguu, damu ikapunguka, akaponea chupuchupu. Ule wembamba ambao magazeti ya Ulaya yaliusifu kama urembo wa mtindo mpya, sehemu yake ulitoka pale.

Kisha vita alienda London kuendelea na baleti. Walimu wakamwambia ukweli: amekuwa mrefu mno, na mwili umedhoofika, hatafika kwenye daraja la juu. Njo akageukia tamthilia na sinema, kwanza ili apate kula. Mwaka 1951 mwandishi Mfaransa Colette alimwona Monte Carlo, akamchagua kucheza Gigi kule New York. Mwaka 1953 ikatoka Roman Holiday, na mwaka uliofuata akapata Oscar. Tangu hapo mambo yalienda haraka: Sabrina, Funny Face, na baadaye Breakfast at Tiffany's (1961) na My Fair Lady (1964), ambamo nyimbo nyingi ziliimbwa na mwimbaji mwingine, Marni Nixon, na hilo lilimuumiza.

Lakini turudi Stanleyville. Filamu iliyomleta inaitwa The Nun's Story, na kwa Kifaransa Au risque de se perdre. Ni habari ya mtawa Mbelgiji, wale tunaowaita masera, aliyesomea magonjwa ya joto akitamani kutibu Waafrika. Anafika Kongo, anawekwa kwenye hospitali ya Wazungu. Anashikwa na kifua kikuu, anarudishwa Ubelgiji, vita inaingia, baba yake anauawa, na yeye anashindwa kuwasamehe Wajerumani. Mwishoni anavua nguo za utawa, mlango unafunguka, anatoka nje bila muziki wowote. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, kwa sababu vita ile haikuwa ya kuigiza kwake.

Sehemu zingine zilipigwa Yakusu, ukishuka mto, kwenye kituo cha wamisionari wa Kibatisti. Ila kuna jambo moja la kusikitisha. Mle ndani kuna muuguzi aitwaye Illunga, jina la kwetu kabisa, lakini aliyemcheza ni Errol John, mtu wa Trinidad. Kalulu naye alichezwa na Orlando Martins, Mnijeria. Watu wetu walionekana kama wagonjwa na umati, bila jina. Filamu ilitoka 1959, ikapendekezwa kwa Oscar 8 na haikupata hata moja. Mwaka mmoja baadaye, Kongo ilikuwa huru.

Audrey aliolewa mara mbili, akaachana mara mbili, akazaa wavulana wawili, Sean na Luca. Kisha 1967 aliacha sinema karibu kabisa ili awalee, akikaa Roma na Tolochenaz, kijiji cha Uswisi.

Mwaka 1988 alianza kazi na UNICEF. Baada ya vita, msaada wa Umoja wa Mataifa ulikuwa umemfikia yeye pia, akiwa msichana mwenye njaa. Alianzia Ethiopia wakati wa ukame, akaenda Sudan, Bangladesh, Vietnam na kwingineko. Septemba 1992 alifika Somalia, akaona watoto wakizikwa kila siku. Aliporudi maumivu ya tumbo yalizidi. Mwezi wa Novemba madaktari wa Los Angeles walimpasua, wakakuta kansa imeshaenea. Aliomba kurudi nyumbani, akala Noeli na watoto wake, akafa tarehe 20 Januari 1993 akiwa na miaka 63. Alizikwa pale pale Tolochenaz. Miezi miwili baadaye Sean alipokea kwa niaba yake Oscar nyingine, na hii haikuwa ya filamu, ilikuwa ya kazi yake kwa watoto.