Onyo la Fleming na Wauguzi wa Dodoma

Alexander Fleming alizaliwa mwaka 1881, mwana wa mkulima wa Uskoti. Katika Vita Kuu ya Kwanza alihudumu Ufaransa, akashuhudia askari walionusurika risasi wakifa kwa vidonda vilivyooza. Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's, London, aliona ukungu umeua vijidudu ndani ya kisahani. Maji ya ukungu huo akayaita penisilini. Florey na Chain wa Oxford ndio walioifanya tiba, na mwaka 1945 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel.

Katika hotuba ya kupokea tuzo hiyo, Fleming alionya kuwa anayetumia dawa pungufu huwafunza vijidudu usugu, na usugu huo waweza kumwua mwingine asiye na kosa. Alifariki mwaka 1955. Onyo lake lingali hai.

Katika zahanati za Kongwa, Bahi na Chamwino, mara nyingi muuguzi ndiye anayempokea mgonjwa na kumkabidhi dawa. Yeye ndiye wa kumweleza mama kwamba mafua hayaponi kwa vidonge hivyo, wala dozi haigawiwi jirani. Unguja na Pemba hali ni hiyo hiyo, maana vijidudu havizuiwi na bahari.

Mpango wa Taifa dhidi ya usugu ulitolewa mwaka 2017. Twawakumbusha wakuu wa serikali waliohamia Dodoma: muuguzi asiye na mafunzo, maji safi wala maabara ya karibu, tutamlaumu bure.