Leonhard Euler, Mtoto wa Mchungaji Aliyehesabu Bila Macho



Katika darasa la sita tunabishana sana juu ya mwaka ujao: wazazi wanataka hivi, moyo unataka vile. Basi tumeona vema kuandika juu ya mtu aliyepita njia hiyo zamani.

Leonhard Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 mjini Basel, Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, naye alitaka mwanawe awe mchungaji pia. Kijana akatii, akasoma teolojia, Kigiriki na Kiebrania. Lakini kila Jumamosi alikwenda kwa Johann Bernoulli, bingwa wa hesabu, na maswali yaliyomshinda katika juma. Bernoulli ndiye aliyesema na baba, na baba akakubali. Sisi tunaona yule mchungaji naye anastahili sifa, sababu kumwachilia mtoto si kazi ndogo. Na mtoto hakuacha imani: hata uzeeni alikusanya watu wa nyumba yake jioni kwa sala.

Mwaka 1727 akaenda Saint Petersburg, Urusi. Akaoa, akazaa watoto 13, ambao 5 tu walikomaa. Mwaka 1738 jicho la kuume likapotea. Alikaa Berlin tangu 1741 mpaka 1766, halafu akarudi Urusi, na jicho la pili likaingia mtoto wa jicho. Walimpasua mwaka 1771, akaona kidogo tu, likaharibika kabisa. Mwaka ule ule nyumba yake ikaungua. Mtu mmoja wa Basel akamtoa motoni kwa mabega.

Mtu angesema sasa mzee apumzike. Wapi! Alikuwa akisema, wengine wakiandika.

Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 11, 13, 17 na 19. (Hizo nne zimechorwa kwa mikwaruzo katika mstari mmoja wa mfupa wa Ishango, uliopatikana mwaka 1950 pale Semliki inapotoka ziwa Edward, mto ule ule unaomwaga maji katika ziwa letu Albert. Kama wale wazee walijua ni tasa, wataalamu wanabishana.) Fermat, Mfaransa mwenye jina kubwa, alifikiri 4294967297 ni tasa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba ni 641 mara 6700417. Fanyeni wenyewe kwenye karatasi.

Mwaka 1772, kipofu wa miaka 65, alipeleka barua kwa mtu wa jamaa ile ile ya Bernoulli: 2147483647 ni tasa. Namba hiyo unaipata ukizidisha 2 thelathini na moja pamoja, kisha ukiondoa 1. Kujaribu kila kigawanyo mpaka 46340 kungechosha mtu yeyote. Kumbe Euler alijua kwamba kigawanyo chochote, kama kipo, kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Hivyo yakabaki majaribio 372 tu, na hakuna hata moja lililotoka sawasawa.

Alikufa tarehe 18 Septemba 1783. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua namba tasa kubwa kuliko ile.

Sisi tulijaribu kwa 311 ubaoni, ikabaki 35. Anayetaka kuendelea, majaribio mengine 371 yanamngoja.