Sandow na somo la nguvu tunaloliuza mitaani

Huenda msomaji akashangaa kumwona mhadhiri wa isimu akiacha ngeli na vitenzi na kuandika juu ya watu wanaonyanyua vyuma. Hata hivyo, suala lenyewe si geni kwa mwalimu yeyote. Katika miji yetu kumbi za mazoezi zimeongezeka mno, na hukosi kocha wa kuwaahidi vijana kifua kipana kwa muda mfupi. Wakati huohuo, katika shule nyingi, kipindi cha elimu ya viungo ndicho cha kwanza kutwaliwa pindi mtihani unapokaribia. Mwanafunzi hunyimwa shuleni kile ambacho baadaye ataenda kukinunua mitaani, aghalabu kwa mtu asiyejua kufundisha. Kwa sababu hiyo, nimeona ni vyema tumtazame upya Eugen Sandow, mtu aliyechangia pakubwa kuipa kazi ya ukocha wa nguvu sura tunayoijua leo.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1867 katika mji wa Königsberg, huko Prussia, mji ambao sasa umo katika nchi ya Urusi na huitwa Kaliningrad. Wazazi wake walimwita Friedrich Wilhelm Müller. Sisi tunaochunguza maneno hatuwezi kulipita jina alilojichagulia bila kulitupia jicho. Eugen ni jina lenye asili ya Kigiriki, na maana yake ni mtu wa uzawa bora. Tangu mwanzo, kijana huyu alifahamu kwamba mwili pekee hautoshi, na kwamba sharti uambatane na jina na hadithi.

Hadithi aliyopenda kuisimulia ni kwamba alikuwa mtoto dhaifu, na kwamba siku moja, akiwa ziarani Italia pamoja na baba yake, aliziona sanamu za watu wa kale, akajiuliza kwa nini wanaume wa wakati wake hawakuwa na maumbile kama yale. Wanaomwandikia tawasifu yake upya siku hizi huitilia shaka hadithi hiyo, maadamu Sandow alikuwa hodari wa kujipamba. Hata hivyo, iwe kweli au la, hadithi hiyo imebeba dai zito: kwamba nguvu si tunu ya waliobahatika kuzaliwa nayo, bali ni jambo linaloweza kutafutwa, na kwa hivyo kufundishwa.

Naye alifundishwa. Baada ya kuondoka kwao na kutangatanga Ulaya akiwa mchezaji wa sarakasi, alikutana mjini Brussels na Louis Durlacher, mkufunzi aliyejulikana kama Profesa Attila. Mzee huyu ndiye aliyemnoa kwa vyuma vizito na kumfunza namna ya kusimama mbele ya watu. Umaarufu ulimjia mjini London mwezi wa Novemba 1889. Wakati huo, mbabe mmoja aliyejiita Sampson alikuwa na desturi ya kuwatolea watazamaji changamoto kila usiku. Sandow alipanda jukwaani, akamshinda kwanza mwanafunzi wa Sampson aliyeitwa Cyclops, kisha akamshinda Sampson mwenyewe. Mji mzima ukavuma jina lake.

Mwaka 1893 alivuka bahari hadi Marekani. Huko Chicago, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, alichukuliwa na Florenz Ziegfeld, kijana aliyekuwa na kipaji cha kuitambua biashara. Ziegfeld aligundua kwamba watazamaji hawakuja tu kuona uzito ulionyanyuliwa, bali walivutiwa zaidi na mwili wa mnyanyuaji. Kuanzia hapo, kuonyesha misuli kukawa tamasha lenyewe. Mwezi wa Machi 1894 Sandow alipigwa picha za sinema katika studio ya Thomas Edison huko New Jersey, miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa duniani. Mwaka huohuo, mjini San Francisco, alitangaziwa kupigana na simba. Simba mwenyewe alikuwa amefungwa mdomo na kuvishwa mifuko kwenye makucha, na hakuonyesha hamu ya kupigana. Watazamaji walirudi makwao wakinung'unika.

Lau maisha yake yangaliishia kwenye mchezo huo wa simba, nisingalijisumbua kumwandikia makala. Lakini mwaka 1897 alifungua chuo cha mazoezi ya mwili katika mtaa wa St James's, London, na mwaka huohuo akachapisha kitabu cha kueleza jinsi ya kupata nguvu. Mwaka uliofuata akaanzisha jarida. Hapo ndipo mchezaji wa sarakasi alipogeuka kuwa mwalimu, na ni vyema walimu wenzangu waiangalie mbinu yake kwa makini.

Kwanza, aligawa mazoezi kwa kufuata umri na jinsia. Kitabu chake kilikuwa na majedwali ya watoto, wanawake na wanaume, yakionyesha kila zoezi lirudiwe mara ngapi na idadi hiyo iongezwe lini. Pili, hakuwaanzisha wanafunzi wake na vyuma vizito. Aliwapa vyuma vidogo vya mkononi na kuwataka watumie muda mfupi kila siku, kwa kuamini kwamba haba na haba hujaza kibaba. Tatu, aliwapima wanafunzi, akaandika vipimo vyao, kisha akawapima tena baadaye, ili maendeleo yaonekane kwa tarakimu wala si kwa sifa. Nne, na hili ndilo linalonivutia zaidi, alisisitiza kwamba akili iende pamoja na msuli. Alibuni chuma cha mkononi kilichogawanywa vipande viwili vyenye springi katikati. Mwanafunzi alilazimika kuvibana vipande hivyo pamoja muda wote wa zoezi. Mara tu mawazo yalipohama, mkono ulilegea na vipande vikaachana. Kifaa chenyewe kilimsuta aliyefanya zoezi huku mawazo yake yakiwa kwingine.

Mwalimu wa lugha atayatambua mambo hayo mara moja. Hakuna anayejifunza Kiswahili kwa kukariri kamusi nzima usiku mmoja. Lugha huingia kidogo kidogo, kwa marudio yenye ngazi, na kwa mwanafunzi ambaye akili yake ipo pale ulimi wake ulipo. Kwa maneno mengine, kanuni za kuufunza mwili haziko mbali na kanuni za kuifunza akili.

Tarehe 14 Septemba 1901 aliandaa katika ukumbi wa Royal Albert Hall mashindano yanayohesabiwa kuwa mashindano makubwa ya kwanza ya ujenzi wa mwili. Waamuzi walikuwa mchongaji sanamu Charles Lawes na mwandishi Arthur Conan Doyle, naye Sandow akawa mwamuzi wa kukata shauri. Kinyume na wanavyodhani vijana wengi, ushindi haukutolewa kwa mwenye misuli minene kuliko wote. Waamuzi walitakiwa kuangalia ulinganifu wa viungo, hali ya misuli, afya kwa jumla, na hata ngozi. Mshindi alikuwa William Murray kutoka Nottingham.

Hata hivyo, tusimsifu Sandow tukasahau mazingira yake. Hiyo ilikuwa enzi ya Vita vya Makaburu, vilivyopiganwa kati ya 1899 na 1902, na Uingereza ilikuwa imejaa hofu baada ya vijana wengi waliotaka kuingia jeshini kukataliwa kwa udhaifu wa mwili. Dola iliyotawala watu wa mbali ilitaka miili ya kuulinda utawala huo, na mafundisho ya Sandow yalipata soko katika hofu hiyo. Mwili wa Mzungu uliofinyangwa kwa mfano wa sanamu za Kigiriki ukafanywa kipimo cha binadamu wote. Sisi tuliotawaliwa hatuna budi kulikataa fungu hilo la urithi wake. Mwili wa mchungaji, wa mvuvi au wa mama anayepanda mlima na mzigo una nguvu zake ambazo hazikuhitaji kibali cha sanamu yoyote.

Aidha, biashara ilimla mwalimu polepole. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sandow alikuwa na kitu chema, lakini akakitembeza kama kibaya: aliuza vifaa, masomo ya posta, mikanda ya kubana kiuno cha wanawake, na hatimaye kakao aliyoitangaza kuwa ya afya. Mwaka 1911 Mfalme George wa Tano alimteua kuwa mkufunzi wake wa mazoezi ya mwili, heshima ambayo hakuna mnyanyua vyuma aliyewahi kuiota. Miaka michache baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, biashara ya kakao ilianguka, naye akafilisika.

Alifariki mjini London tarehe 14 Oktoba 1925, akiwa na umri wa miaka 58. Ilivumishwa kwamba alijiumiza kwa kuliinua gari lililotumbukia mtaroni, lakini watafiti wengi hawaiamini habari hiyo. Alizikwa katika makaburi ya Putney Vale, na kwa miongo mingi kaburi lake halikuwa na alama yoyote. Leo sanamu ndogo yenye umbo lake ndiyo hutolewa kwa mshindi wa shindano la Mr. Olympia.

Ukumbusho huo, kwa maoni yangu, umehifadhi nusu isiyo bora ya maisha yake. Umemhifadhi Sandow wa jukwaani na kumwacha Sandow wa darasani. Makocha wengi wa mitaani wamerithi nusu hiyohiyo: picha za misuli ukutani, unga wa kuongeza mwili kwenye rafu, na vyuma vizito kwa kijana asiyewahi kupimwa wala kuulizwa afya yake. Walichokosa ni jedwali, ngazi na subira.

Nani basi atawapa vijana fungu lililobaki? Ni mwalimu aliyesomea ualimu, anayejua kwamba mtoto wa miaka kumi si mtu mzima mdogo. Kumtaka aifanye kazi hiyo huku tukikitwaa kipindi chake kwa ajili ya mitihani ni sawa na kumtuma mkulima shambani baada ya kumnyang'anya jembe. Wakuu wa shule na wazazi wakirudishe kipindi hicho kwenye ratiba, na kirudi pamoja na mwalimu wake. Wanafunzi nao, wakienda kwenye ukumbi wowote wa mazoezi, wamuulize kocha swali moja kabla ya kulipa: atawapima vipi leo, na atawapima tena lini?