Ibn al-Haytham na mto Nile: Somo la kusema limeshindikana

Kila inapotajwa historia ya elimu katika Uislamu, iwe ni katika mihadhara, makongamano ya wanafunzi au khutba za Ijumaa, jina la Ibn al-Haytham halikosekani. Tunakumbushwa kuwa yeye ni miongoni mwa walioweka misingi ya elimu ya mwanga, na kuwa Ulaya ilimsoma kwa karne kadhaa kwa jina la Alhazen. Hiyo ni haki yake. Lakini naona tunamtaja kwa yale aliyofanikiwa tu. Leo nataka nimtaje kwa jambo lililomshinda, kwa sababu kwa maoni yangu hapo ndipo penye somo tunalolihitaji zaidi.

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, takriban mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Alisoma hesabu, falaki na falsafa, na habari zake zikaenea mpaka nje ya Iraq. Wakati huo Misri ilikuwa chini ya dola ya Fatimiyya, na aliyekaa katika kiti cha utawala kuanzia mwaka 996 ni al-Hakim bi-Amr Allah, mtu aliyependa elimu na wanachuoni, lakini ambaye hasira zake ziliwamaliza mawaziri na maofisa wake wengi.

Ibn al-Qifti, mwandishi wa tarekhe aliyekuja miaka 200 baadaye, anasimulia kuwa Ibn al-Haytham alisema angekuwa Misri angeufanyia mto Nile kazi ya kuwanufaisha watu, maji yakizidi na yakipungua. Kwa Misri hilo halikuwa jambo dogo. Nile ikijaa kupita kiasi, mashamba na nyumba zinaangamia. Isipojaa, inakuja njaa. Sehemu ya maji hayo inatoka huku kwetu Ziwa Victoria, ingawa mafuriko yenyewe ya kila mwaka yalisababishwa zaidi na mvua za milima ya Ethiopia. Habari zilipomfikia al-Hakim, alimwita mwanachuoni huyo, akampokea kwa heshima kubwa, akampa mafundi na vifaa, kisha akamtuma aende kusini akaitekeleze kazi yake.

Msafara ulipanda mto mpaka sehemu iitwayo al-Janadil, karibu na Aswan, ambapo mto unapita katikati ya miamba. Njiani Ibn al-Haytham aliyaona majengo ya Misri ya kale, yaliyojengwa kwa hesabu na ustadi wa hali ya juu. Akafikiri kuwa watu wenye uwezo wa kujenga vile, kama kuuzuia mto huu kungewezekana kwa nyenzo zilizokuwapo, wasingeacha kufanya hivyo. Alipofika al-Janadil na kupakagua mwenyewe pande zote mbili za mto, akathibitisha kuwa mpango wake hautekelezeki.

Ndugu msomaji, hebu jiweke katika nafasi yake. Ametumwa na mtawala asiyetabirika. Amepewa fedha, watu na heshima. Alikuwa na njia nyingi za kukwepa aibu. Angeweza kuanza kujenga na kuendelea kula fedha za dola kwa miaka mingi. Angeweza kusema mafundi ni wazembe au vifaa havitoshi. Hakufanya hivyo. Kwa mujibu wa Ibn al-Qifti, alirudi Cairo na kukiri mbele ya al-Hakim kuwa jambo lile haliwezekani.

Al-Hakim aliupokea udhuru wake, akampa kazi serikalini. Lakini Ibn al-Haytham hakuwa na amani. Alijua jinsi wenzake wengi walivyoishia. Akajifanya mwendawazimu ili aachwe, na kweli akaondolewa kazini, mali yake ikawekwa chini ya uangalizi na yeye akafungiwa nyumbani. Hali hiyo iliendelea mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 411 Hijria, yaani 1021. Ndipo akili zake zikarudi, kwa sababu hazikuwa zimepotea. Akahamia karibu na msikiti wa al-Azhar, akawa anajipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hesabu na falaki, na akaishi hapo mpaka alipofariki takriban mwaka 430 Hijria, sawa na 1040.

Mimi nikiisoma habari hii naona mambo mawili. La kwanza ni kuwa taarifa yake ilikuwa na thamani. Wazo la kuuzuia mto pale Aswan halikuwa la kipuuzi. Mwaka 1902 Waingereza walimaliza kujenga bwawa katika eneo hilo, na mwaka 1970 likakamilika Bwawa Kuu la Aswan. Lakini mashine, saruji na chuma vilivyowezesha kazi hizo havikuwapo katika zama zake. Kwa kusema kuwa haiwezekani kwa nyenzo za wakati ule, aliiokolea dola mali na aliokoa roho za vibarua ambao wangepelekwa kufia kwenye miamba ile. La pili ni kuwa ukweli ule ulimgharimu. Palipo na mtawala anayeogopwa, anayeleta habari ya kushindwa analazimika kujifanya mwendawazimu ili abaki hai. Je, ni wangapi wasiokuwa na moyo wake ambao katika mazingira kama hayo wangeamua kudanganya?

Tabia hii ya kusema lililokuwa inaonekana katika kazi zake zote. Katika Kitabu al-Manazir, chenye juzuu saba, hatoi matokeo peke yake. Anaeleza kifaa kimetengenezwaje, tundu lina ukubwa gani, chumba kiweje giza, taa zikae wapi, ili atakayetia shaka ajaribu mwenyewe. Aliandika pia kitabu cha shaka juu ya Batlamyus, yule Mgiriki ambaye elimu yake ya nyota ilikuwa imetawala kwa zaidi ya miaka 800. Humo alionesha wazi sehemu ambazo maneno ya bwana huyo yanapingana yenyewe kwa yenyewe. Alimheshimu Batlamyus, lakini heshima hiyo haikumfanya afiche kasoro alizoziona.

Na yeye mwenyewe alikosea. Aliandika risala juu ya upinde wa mvua, akaeleza kuwa wingu linaakisi mwanga wa jua mithili ya kioo kilichobonyea. Sivyo ilivyo. Lakini kwa kuwa aliiandika hoja yake hatua kwa hatua, waliokuja baada yake waliweza kuona ni wapi ilipokatika. Takriban miaka 300 baadaye, huko Uajemi, Kamal al-Din al-Farisi aliyefariki karibu na mwaka 1319 alichukua tufe la kioo, akalijaza maji, akalifanya kama tone kubwa la mvua. Akagundua kuwa mwanga hupinda unapoingia kwenye tone, ukaakisiwa ndani, kisha ukapinda tena unapotoka. Kazi hiyo aliijenga juu ya vitabu vya Ibn al-Haytham, vilivyo sahihi na kile kilichokosea. Lau kile kilichokosea kingefichwa, al-Farisi angeanzia mbali zaidi.

Sasa tuje katika zama zetu. Watu wengi wanadhani kuwa utafiti ambao haukuleta kilichotarajiwa ni hasara na unastahili kuwekwa kabatini. Majarida ya kisayansi nayo hupenda habari za mafanikio, na makampuni ya dawa yana sababu zao za kibiashara. Mwaka 2008 ulichapishwa Marekani uchunguzi wa majaribio 74 ya dawa za ugonjwa wa sonona yaliyokuwa yamesajiliwa kwa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo. Mamlaka iliona majaribio 38 yana matokeo mazuri, na 37 kati ya hayo yakachapishwa. Yaliyobaki 36 hayakuonesha wazi kuwa dawa zinasaidia. Kati ya hayo, 22 hayakuchapishwa kabisa, 11 yakachapishwa kwa namna iliyoyafanya yaonekane yamefaulu, na matatu tu yakaelezwa kama yalivyokuwa. Daktari aliyesoma majarida aliona karibu kila jaribio limefaulu. Ukweli ulikuwa karibu nusu kwa nusu. Na mgonjwa ndiye aliyemeza dawa hizo.

Upo pia mfano mwema, na huu ulipita hapa kwetu. Mwezi Februari 2009 yalitangazwa matokeo ya jaribio la jeli iitwayo PRO 2000, iliyotarajiwa kuwakinga wanawake na virusi vya ukimwi. Ilionekana kana kwamba imepunguza maambukizi kwa asilimia 30, ingawa tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa uwezekano wa bahati tu. Watu wakapata matumaini. Lakini jaribio kubwa zaidi la jeli hiyo hiyo lilikuwa linaendelea Afrika Kusini, Uganda, Zambia na hapa Tanzania, jijini Mwanza, likihusisha wanawake 9,385. Mwezi Desemba mwaka huo huo watafiti wakatangaza hadharani kuwa jeli ile haikingi. Yale matumaini ya Februari hayakuthibitika.

Je, wanawake wale walipoteza muda wao? Hapana. Bila ya wao, huenda jeli ile ingesambazwa na wanawake wangeitegemea huku hawana kinga yoyote. Neno hapana lililotoka Mwanza na kwingineko liliokoa watu, na fedha zikaelekezwa kwenye njia nyingine.

Sisi Waislamu hatukupaswa kulifundishwa jambo hili na mtu mwingine. Wanazuoni wetu wa Hadithi hawakutosheka na kukusanya zilizo sahihi. Imam Bukhari, pamoja na Sahihi yake, aliandika kitabu cha wapokezi dhaifu. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria, alikusanya Hadithi za kubuni katika kitabu maalumu ili watu wazijue na wajihadhari nazo. Kujua kisichothibiti kulihesabiwa kuwa ni elimu kamili, tena elimu ya kuilinda dini.

Vipi basi hali ya vijana wetu? Nimefundisha fizikia sekondari, na naandika nilichokiona. Mwanafunzi anapewa uzi, jiwe na saa ili apime mvutano wa dunia. Anajua kwamba kitabu kinasema 9.8. Akipata 8.9 hajiulizi kama uzi ulipimwa vibaya au saa ilichelewa kubonyezwa. Anaanzia kwenye jibu la kitabu, anarudi nyuma, anatunga vipimo vya kulifikia. Wenyewe wanaita kupika data. Anafanya hivyo kwa sababu anaamini msahihishaji anataka 9.8 na hataki kujua ilikuwaje. Huyu ndiye tunayetarajia kesho awe daktari, mhandisi au mtafiti wa dawa zetu. Akishazoea kumpikia mwalimu, atashindwa nini kumpikia waziri au mfadhili?

Lawama hii siitupi kwa watoto. Ni sisi tuliowafanya waogope. Mwalimu anayetoa alama kwa kipimo cha kweli pamoja na maelezo ya kwa nini kimepotoka anajenga mtafiti. Jumuiya zetu nazo zina wajibu huo huo. Tunaanzisha shule, zahanati na miradi ya vijana, mingi inakufa kimyakimya, na baada ya miaka mitano jumuiya nyingine inaanzisha mradi ule ule na unakufa kwa sababu ile ile. Ripoti za mkutano mkuu zimejaa mafanikio. Ni lini tumewahi kusoma ripoti inayoeleza kilichokufa kilikufaje, ili mwenzetu asiangukie shimo lile lile?

Ibn al-Haytham aliyerudi kutoka Aswan mikono mitupu ndiye yule yule aliyeandika Kitabu al-Manazir. Tunaojivunia cha pili hatuna budi kuwafundisha watoto wetu na cha kwanza, na anayekuja kwetu na habari ya kushindwa tumkalishe, tumsikilize, na aliyoyaona tuyaandike.

Wabillahi Tawfiq.